Kahawa si tiba ya saratani, na moto wake una madhara

Mhariri,

Makala yenu iliyosema kahawa inatibu saratani ya tezi dume imeukuza mno utafiti wa panya.

Utafiti huo ulitoka Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, ukatangazwa 2019. Viambata viwili vya mafuta ya kahawa, kahweoli asetati na kafestoli, vilijaribiwa kwenye seli za saratani sugu kwa dawa, kisha kwa panya 16. Baada ya siku 11, uvimbe wa panya waliopewa vyote viwili ulikuwa umefikia mara moja na nusu hivi ya ukubwa wa mwanzo. Wa wasiopewa, mara tatu na nusu. Kasi ilipungua, uvimbe haukuisha. Tena walipewa viambata vilivyotengwa, si kikombe cha kahawa.

Kikombe kina mambo yake. Kahweoli imo kwenye arabika, kama ya Kilimanjaro na Mbinga. Robusta ya Kagera haina, au ina chembe tu. Chujio la karatasi hunasa karibu mafuta yote. Kahawa chungu ya dele, lile birika la kahawa, haipiti kwenye karatasi: unga hutuama, mafuta yanabaki kwenye kinywaji. Lakini kafestoli hiyohiyo ndiyo inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Mwenye lehemu nyingi akiongeza vikombe vya dele ili kulinda tezi dume, anauweka moyo wake hatarini.

Kwa binadamu, ushahidi mzuri zaidi unahusu ini. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipitia tafiti zaidi ya 1,000, likaiondolea kahawa shaka iliyowekewa 1991 kuhusu saratani ya kibofu, na likaona wanywaji wanapata saratani ya ini na ya mji wa mimba kwa uchache. Ni habari njema. Ila ini huku kwetu linashambuliwa sana na virusi vya homa ya ini B na sumukuvu ya mahindi na karanga, na kahawa haichukui nafasi ya chanjo wala ya kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani.

Kikao hichohicho cha 2016 kilisema jambo ambalo makala haikuligusa kabisa: kinywaji cha moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi kuna uwezekano mkubwa kinasababisha saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ugonjwa uliokithiri Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa 2015, wanywaji chai waliopimwa Kilimanjaro kwa wastani walianza kunywa ikiwa juu ya nyuzi hizo. Sababu iko jikoni. Maziwa huchemshwa pamoja na maji, chai inaingia kwenye chupa ikitokota, hakuna cha kuipoza. Dele nalo linakaa juu ya mkaa mpaka kikombe cha mwisho.

Sehemu tatu za kahawa ya nyuzi 80 na sehemu moja ya maziwa ya friji ya nyuzi 5 zinatoa kinywaji cha nyuzi 61 hivi. Anayeinywa kavu aimimine kwenye kikombe kipana, akiache wazi dakika tano au zaidi. Ukilazimika kuipuliza na kuifyonza kidogokidogo, bado ni ya moto mno.

Tunaomba toleo lijalo liitaje nyuzi 65 kwa herufi kubwa kama zile zilizobeba neno "tiba".