Mzee Majuto anatuchekesha bure

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilipanda basi kutoka hapa Tanga kwenda Dar es Salaam. Hata Segera hatujafika, tukawekewa filamu ya mchekeshaji Mzee Majuto. Mama niliyekaa naye kiti kimoja, aliyenuna tangu stendi kwa kutozwa hela ya mzigo, alicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Nina deni na yule mzee.

Zamani nilikuwa na kibanda Ngamiani. Ubaoni niliandika "Tunakodisha CD", lakini riziki yenyewe ilikuwa kuchoma nakala bila ruhusa. Nanunua halisi moja, usiku nachoma, asubuhi wateja wanapanga foleni. Amri Athumani, ndiye huyo Mzee Majuto, mtu wa Tanga hii hii, ndiye aliyenilipia kodi ya kibanda, naye hakujua.

Ila hata wale walionunua CD halisi sidhani kama walimfaa sana. Biashara ya Bongo Movie ilikwenda hivi: mtayarishaji anauza masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji kwa bei ya mkupuo, msambazaji anazalisha nakala anazotaka, mwigizaji keshapewa chake siku za kurekodi na imekwisha. Filamu ikiuzika miaka kumi, yeye hana lake. Ndiyo maana utamwona mtu anajulikana nchi nzima, akiugua siku tatu tu mnachapisha namba za michango. Majuto aliigiza tangu ujana hadi uzeeni, akatibiwa India, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mwaka huo huo aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ya mzee wetu ikiwemo. Yaani mikataba imekuja kusomwa vizuri mgonjwa yuko kitandani!

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Hilo neno hakishiriki wengi hulipita tu, kumbe ndimo alimo mwigizaji, ambaye hakutunga hadithi lakini bila sura yake hakuna filamu.

Kurasa zenu za burudani zinatueleza nani kaachana na nani. Sawa, hata mimi huzisoma. Naomba safari moja mwandishi wako aende kwa mtayarishaji, kwa kituo cha televisheni na kwa COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, akiwa na swali moja tu: filamu ya zamani ikirushwa leo usiku, aliyeigiza, au wanawe kama keshafariki, anapata shilingi ngapi? Tarakimu tu, maelezo tutayasoma baadaye.

Tuliposhuka nilimuuliza kondakta ile filamu waliitoa wapi. Akachomoa flashi, akaniambia zimo nyingine kama arobaini, nikitaka nimpe simu anihamishie.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga