Mwandishi wenu hajaisoma Claymore

Mhariri,

Naomba kanafasi. Yule mwandishi wenu aliyesema juzi kwamba manga (katuni za Kijapani) za giza ni damu tu na watu kutaka kupitana, sijui alisoma ipi, ila Claymore ya Norihiro Yagi hajaigusa. Mi nimeimaliza yote, vitabu 27, ilianza 2001 ikaisha 2014, na nimeirudia.

Mashindano yapo, sikatai. Wale wanawake wenye mapanga makubwa wanaowinda mazimwi, wenyewe nusu mtu nusu zimwi, Shirika linalowatuma kazi limewapa namba, 1 mpaka 47, na namba yako ndo heshima yako. Clare, mhusika mkuu, ni wa 47, mkia kabisa. Anapangwa kazi moja na Helen wa 22 na Deneve wa 15, wanamdharau waziwazi, Helen ndo usiseme, ana mdomo yule! Kumbe wote wanne, ukimjumlisha kapteni wao Miria wa 6, walishawahi kuvuka mpaka wa kugeuka zimwi wakarudi, na Miria akashtuka kwamba Shirika linawatupa huko makusudi wafe. Kuanzia hapo nani wa ngapi hakuna anayeuliza.

Halafu kuna kadi nyeusi. Mpiganaji akihisi anakaribia kugeuka anamtumia rafiki yake hiyo kadi, yaani njoo uniue ningali mtu. Clare anaipata ya Elena, rafiki yake wa tangu mafunzoni, na anaenda. Nilifunga kitabu pale, siku hiyo sikuendelea. Sasa mtu akiniambia hiyo nayo ni kushabikia damu nashindwa hata pa kuanzia.

Na vita vya mji wa Pieta je? Wametumwa wapiganaji 24 kaskazini, wakatoka hai 7. Jean wa 9 alikufa akimrudisha Clare asigeuke zimwi. Flora wa 8, ambaye kabla ya vita alikuwa amepimana upanga na Clare waone nani ana mkono mwepesi (hapo ndo upinzani wenyewe sasa, ule mtamu), naye akafia hukohuko. Miaka 7 inapita, Clare anaibuka, anachomoa upanga, unaangalia vizuri, mbona hii staili ni ya Flora?

Mwambieni aisome mpaka hapo, halafu aandike tena makala yake. Nitainunua.

Msomaji wenu wa siku nyingi