Njia ya mizigo ipangwe kabla ya bandari ya Mangapwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la bandari mpya inayokusudiwa kujengwa Mangapwani, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Tunasikia sana habari za gati na meli. Kontena likishashushwa litapita wapi, hilo halisikiki. Na hapo ndipo bandari yetu ya sasa, ya Malindi mjini Zanzibar, ilipotushinda. Bandari imebanwa baina ya bahari na Mji Mkongwe, kwa hiyo trela halina budi kutokea kwenye barabara zile zile za daladala, mikokoteni na wanafunzi. Utamkuta utingo ameshuka na mti mrefu, anainua nyaya ili kontena lipite, na nyuma yake foleni nzima inapiga honi.

Tukihamishia meli Mangapwani bila ya kupanga njia, tutakuwa tumeisogeza foleni hiyo hadi Bububu tu, iliyo njiani baina ya Mangapwani na mjini. (Bububu yenyewe iliwahi kuwa na reli ya kutoka mjini, iliyoanza 1905. Sisemi treni irudi kesho.) Nashauri Serikali itenge ukanda wa barabara ya malori, wenye nafasi ya reli siku za mbele, sasa hivi kabla watu hawajajenga, maana fidia ya nyumba ni mzigo mwengine. Liwepo pia eneo la makontena nje ya mji, wafanyabiashara wachukulie bidhaa zao huko kwa gari ndogo. Kwa Malindi, tusisubiri bandari mpya: trela zipangiwe saa za usiku.

Mkaazi wa Bububu,
Unguja