Barua ya mwaliko kwanza, tiketi baadaye

Mhariri,

Wengi wanaokwenda kujitolea nchi za nje hukwama kabla hawajaiona kazi yenyewe, wangali kwenye kaunta ya shirika la ndege. Sisi tunaoandaa safari hizi tunaona chanzo kilekile kikijirudia: tiketi imenunuliwa kwanza, karatasi ndiyo zinafuata.

Pa kuanzia ni barua ya mwaliko. Itaje jina la msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mahali atakapolala, nani analipia nini, na namba ya simu ambayo ofisa uhamiaji akiipiga itapokelewa. Barua hiyo ndiyo inayoonyesha ni viza gani ya kuomba. Na hapa tunayasihi mashirika wenyeji: acheni kuwaambia vijana "sema unakuja kutalii". Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi hata pasipo mshahara. Uingereza humruhusu mwenye viza ya matembezi kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Zaidi ya hapo kuna viza maalumu, isiyozidi miezi 12. Akibainika kudanganya, anayerudishwa ni kijana, na rekodi hiyo atalazimika kuieleza katika maombi ya viza ya miaka ijayo. Aliyemshauri hapati hata doa. Huo ni uonevu.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa mbili tupu. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari ni kuchelewa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha; asiambiwe mtu achanjwe tena kwa kuwa miaka kumi imepita. Angalizo: kukaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo kunaweza kumfanya adaiwe cheti aendako, hata kama hakutoka nje ya uwanja.

Sasa tiketi. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali huonekana nafuu, lakini kwa kawaida mizigo haipitilizi. Msafiri analazimika kuingia nchi ya katikati, auchukue mzigo na kuupeleka upya kaunta, na kuingia huko kunaweza kuhitaji viza. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote na nauli yote inaweza kupotea. Tiketi moja ya safari nzima huhamishia jukumu hilo la ucheleweshaji kwa mashirika ya ndege. Wanaopitia Marekani wajue kuwa kila abiria hukaguliwa na uhamiaji hata kama anabadilisha ndege tu, hivyo kibali kinahitajika mapema.

Isomwe vizuri na saa. Ndege ya 00:40 Jumatano huondoka usiku wa kuamkia Jumatano. Anayefika uwanjani Jumatano jioni ameachwa karibu siku nzima.

Betri za akiba za kuchajia simu zikae kwenye mzigo wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati ya betri. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Dawa nazo ziwe mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, maana zenye kodeini, kiambato cha baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, hudhibitiwa vikali katika baadhi ya nchi. Sanduku lisipotokea, taarifa iandikishwe kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo na nakala ihifadhiwe. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Mwili nao una ratiba yake. Kuvuka kanda nyingi za saa, hasa kuelekea mashariki, huvuruga usingizi kwa siku kadhaa. Mashirika yanayopanga mafunzo asubuhi ya siku ya kutua yayasogeze mbele angalau siku mbili, na gharama ya malazi ya siku hizo iandikwe kwenye barua ya mwaliko.

Waandaaji wa safari za wanaojitolea