Mwenye usonji alipie joho, halafu abaki nyumbani?

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako kimya kimya, lakini habari yenu ya Siku ya Usonji, ile ya tarehe 2 Aprili, imenishinda kumeza. Fulana za bluu, mgeni rasmi, maji ya chupa mezani. Mwandishi wenu hakuuliza hao watoto kesho yake wanasoma wapi.

Wangu ana miaka mitano na ana usonji. Chekechea yake ni ya binafsi, na ada yake waliipokea bila shida. Kengele ya pale ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, nayo inaning'inia dirishani kwa darasa lake. Ikilia tu, anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Niliomba isogezwe kwenye mwembe. Nikajibiwa kwamba shule haiwezi kuvuruga ratiba kwa ajili ya mtoto mmoja. Ratiba! Rimu ikitundikwa mwembeni, saa inabadilika? Yakaja mahafali. Nikalipia joho, kofia na keki. Siku zimekaribia, mwalimu mkuu akanipigia: "Mama, tumeona kwa utulivu wake abaki nyumbani, wageni watakuwa wengi." Joho lilikuja na bodaboda, ndani ya mfuko wa kaki, pamoja na karatasi ya deni la picha ambayo mwanangu hakupigwa.

Na hayo mahafali yenyewe, nani aliyewaambia kwamba mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu ni mhitimu? MC wa harusi, spika ndefu kama mlango, vitoto vinakatika kwa nyimbo za baa, na mzazi anachangishwa kuliko kipaimara.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto kama wangu asome shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi. Kiwango rasmi cha darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha wanafundisha walimu wa elimu maalumu. Mtaani kwetu sijamwona hata mmoja kwenye darasa la awali.

Napendekeza hivi: chekechea isiruhusiwe kutoza joho mpaka ioneshe mkeka na pazia la kona tulivu, na hati ya mshahara wa msaidizi mmoja wa darasa. Ikishindwa, wathibiti ubora wa shule wabebe spika. Wakikosa gari, guta nitalipia mimi.

Mama mzazi,
Tabata, Dar es Salaam