Risala ya Kikundi cha Mazingira na Elimu ya Mpiga Kura kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Mwakilishi wa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, wenyeviti wa vitongoji, walimu, viongozi wa dini, wazee wetu na wananchi wote mliofika,

Kamwene!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha katika uwanja huu wa shule, pamoja na baridi kali ya mwezi wa Juni ambayo sisi watu wa nyanda za juu tumeizoea lakini wewe, Mheshimiwa, umekubali kuivumilia kwa ajili yetu. Tunafahamu wingi wa majukumu yako, na kufika kwako tunakupokea kama heshima kubwa kwa kijiji kizima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kaulimbiu ya dunia mwaka huu inahusu kukomesha uchafuzi wa taka za plastiki, na tangu alfajiri wanafunzi na wanakikundi wamezoa chupa na mifuko kuanzia sokoni hadi darajani. Hata hivyo tunaomba radhi mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya risala hii itahusu jambo jingine moja, yaani sheria ndogo ya kulinda chanzo chetu cha maji, ambalo tumekwisha kulisema katika uwanja huu huu mara tatu mbele ya wageni watatu.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016 kikiwa na watu kumi na mmoja, baada ya bomba la mserereko linalohudumia vitongoji vyetu viwili kukauka mwezi wa Oktoba kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za wazee. Leo tupo wanachama 38, wengi wetu wakiwa akina mama na vijana. Tangu mwanzo hatukuona mti na kura kuwa kazi mbili tofauti, na katika hilo tulipata moyo kutoka kwa marehemu Profesa Wangari Maathai wa nchi jirani ya Kenya, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, kwa kuwa aliwaonyesha wanawake wa vijijini kwamba anayetaka kulinda msitu sharti awe na sauti mahali msitu unapoamuliwa.

Kwa upande wa mafanikio, kikundi kimefanya kazi kubwa ya kupigiwa mfano. Tumeotesha na kupanda miche 2,300 ya miti rafiki wa maji, hasa mivengi na mikuyu, na zaidi ya nusu yake ipo hai licha ya moto kichaa unaotutembelea karibu kila kiangazi. Tumechonga barabara ya kuzuia moto kuzunguka msitu wa kijiji kwa majembe yetu wenyewe. Kuelekea Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, wanachama waliongozana na waelimishaji wenye kibali kupita nyumba kwa nyumba bila kumsemea wala kumsema mgombea wa chama chochote, wakiwaeleza wananchi kwamba kadi ya mpiga kura peke yake haitoshi, kwa sababu uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake ya wakazi ambayo iliandikishwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Wapo wazee waliokuwa wameitunza kadi yao kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa, wakiamini kwamba wamekwisha kujiandikisha, na tunajivunia kwamba hawakukosa haki yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini.

Chanzo chetu cha maji kipo bondeni nyuma ya shule hii, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Kijito kinachoanzia pale kinaingia Ruaha Mdogo, nao Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, ambao maji yake yanajaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, yanashuka hadi Kidatu penye megawati 204, na mwisho yanaungana na Rufiji kuelekea Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tunayasema haya ili ieleweke kwamba bonde letu, ingawa ni dogo, ni mali ya nchi nzima. Tunafahamu pia kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, hadi viboko wanabaki wamesongamana kwenye vidimbwi. Mto mkubwa haukauki kwa siku moja wala mahali pamoja, bali huanza kukauka kwenye mabonde kama hili letu, kinyungu kimoja, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, baada ya kingine, na mlingoti mmoja, yaani mkaratusi, baada ya mwingine.

Wananchi hawakukaa kusubiri waokolewe. Mwezi Septemba 2021 mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa sheria ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, uliketi kuanzia saa tatu asubuhi hadi jua lilipoelekea kuzama, ukajadili rasimu ya sheria ndogo ya kulinda chanzo hicho. Mjadala ulikuwa mgumu, kwa sababu vinyungu ndivyo vinavyotupatia mboga, maharage na mahindi mabichi wakati mashamba ya juu yamekauka, na wenye vinyungu walikuwa wamekaa pale pale mkutanoni na watoto wao migongoni. Hatimaye ilikubaliwa kwamba eneo la mita 60 kutoka kwenye chanzo na kingo za kijito liachwe, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyoelekeza. Kwamba kaya 23 zenye vinyungu ndani ya eneo hilo zivune msimu wa mwisho na kupewa viwanja kwenye shamba la kijiji. Kwamba wenye milingoti waikate na kuiuza kwa faida yao wenyewe bila kupanda mingine. Na kwamba faini za watakaokiuka ziingie kwenye mfuko wa kijiji na kulipia walinzi wa moto. Mikono iliponyooshwa, walioikubali walikuwa wengi kiasi kwamba Mwenyekiti aliwahesabu waliokataa tu.

Sheria ndogo ya kijiji haiwi sheria mpaka iidhinishwe na Baraza la Madiwani. Ndivyo Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 287, inavyoelekeza, nasi hatuna ugomvi na utaratibu huo. Tuliwasilisha rasimu pamoja na muhtasari wa mkutano mwezi Oktoba 2021. Leo ni miaka mitatu na miezi minane.

Mgeni rasmi aliyetutembelea mwaka 2022 alituhakikishia kwamba kabla ya Krismasi ya mwaka ule tungekuwa na sheria yetu mkononi, na akina mama walimpigia vigelegele. Mgeni wa mwaka 2023 alisema kwa unyenyekevu kwamba jalada halikuonekana, akaomba tuandae nakala nyingine. Tukachangishana fedha za kuchapa na kudurufu, tukapeleka nakala hizo, kisha tukaelezwa kwamba orodha ya mahudhurio haikuwa na sahihi za wote, hivyo mkutano mkuu ukaitishwa upya na wananchi wakapitisha kwa mara ya pili jambo lile lile walilokwisha kulipitisha. Mgeni wa mwaka 2024 aliandika suala letu kwenye kijitabu chake mbele ya macho yetu, akatamka kwamba litaingia kikao kijacho. Hatuwataji kwa majina wala hatutilii shaka nia zao, kwa kuwa walitufanyia heshima kama unavyotufanyia wewe leo. Tunachosema ni kwamba kikao kile kijacho hatujakiona.

Pengine mtu atauliza: kama sheria ya nchi imekwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kijiji kinangoja nini? Mheshimiwa, swali hilo tumeulizwa mara nyingi, na jibu letu linatoka bondeni. Kiangazi kilichopita mkulima mmoja alichimba kinyungu hatua ishirini kutoka kwenye jicho la maji. Mtendaji alipomwita, alikuja kwa adabu, akaomba aonyeshwe sheria ya kijiji yenye muhuri na kiwango cha faini. Mtendaji hakuwa na cha kumwonyesha zaidi ya rasimu yetu. Kumfikisha mtu huyo mahakamani wilayani kwa sheria ya nchi kunahitaji nauli, mashahidi na siku nyingi ambazo kijiji hakina, na hata hukumu ikitoka, sheria ile itamwondoa tu bondeni bila kumpa kiwanja mbadala, ilhali sisi wenyewe tulikubaliana kwamba hakuna jirani atakayeondolewa akiwa na njaa.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Baada ya mkutano wa 2021, kaya tisa hazikusubiri muhuri. Zilihama zenyewe, kwa imani ya mikono iliyonyooshwa siku ile. Miongoni mwao yumo mjane ambaye kinyungu chake ndicho kilichowasomesha watoto wake, na aliyepanda mivengi kumi na miwili kwa mikono yake mahali alipokuwa akilima majimbi. Shamba la kijiji alilopaswa kugawiwa haligawanywi, kwa sababu mgawo huo umo ndani ya sheria ambayo haijaidhinishwa. Kila siku ya soko anapita njiani akiwaona wale waliobaki bondeni wakiuza mahindi mabichi. Tulipofika nyumbani kwake Oktoba iliyopita kumhimiza ajiandikishe kupiga kura, hakutufukuza. Alituandalia chai, kisha akatuuliza kwamba mkono wake aliokwisha kuunyoosha kwa ajili ya bonde uko wapi hadi sasa, na ya nini kuutumia tena. Hatukuwa na jibu, Mheshimiwa, na waliokuwepo siku ile bado wanalikumbuka swali hilo.

Hii ndiyo sababu kikundi cha mazingira kinazungumzia kura. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu kulinda maliasili, ibara ya 5 inampa raia haki ya kupiga kura, na ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwanakijiji wa kawaida hazisomi ibara hizo. Yeye huisoma Katiba kwa kuangalia kama kile alichokiamua mkutanoni kimetendeka. Mkutano mkuu wa 2021 ulijaa hadi watu wakaketi kwenye mizizi ya miti kando ya uwanja, ila ule wa mwezi Machi mwaka huu uliahirishwa kwa kukosa akidi. Wanaosema wananchi wetu ni wavivu wa kushiriki hawawatendei haki, kwa kuwa watu hawa walishiriki mara mbili kwa suala moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muda ndio unaotutia hofu zaidi. Uchaguzi Mkuu wa kumchagua Rais, wabunge na madiwani ni mwezi Oktoba mwaka huu, na Baraza la Madiwani lililopo linakaribia kuvunjwa. Jambo letu lisipoingia katika siku zilizobaki, tutaanza upya na madiwani wapya, pengine na maofisa wapya, na tutaombwa nakala nyingine. Kwa hiyo ombi letu ni moja, na halihitaji fedha: kwa nafasi yako na kwa ushauri wako kwa Mkurugenzi, rasimu ya sheria ndogo yetu iwekwe kwenye ajenda ya kikao kilichobaki cha Baraza. Kama hilo haliwezekani, tunaomba barua yenye tarehe na sahihi inayoeleza litajadiliwa lini na nani atakuwa na jalada hadi siku hiyo. Tumeandaa nakala tatu za rasimu, mihtasari ya mikutano yote miwili pamoja na mahudhurio yenye sahihi, na Katibu atakukabidhi mkononi mara baada ya risala hii. Tunaomba kwa heshima zote zisikabidhiwe msaidizi kabla wewe mwenyewe hujaziona.

Yapo mahitaji mengine madogo ambayo hatutayafanya yashindane na hilo. Tunaomba mifuko kumi ya saruji kwa ajili ya vigingi vya mpaka wa mita 60, kwa kuwa mchanga, kokoto na nguvukazi tunavyo. Na tunaomba matangazo yote ya uchaguzi yafikishwe kwenye vitongoji kupitia wenyeviti wake badala ya kubandikwa kwenye ofisi ya kata peke yake, kwani kitongoji chetu cha mbali kipo saa mbili kwa miguu kutoka kwenye ubao huo.

Baada ya chakula utapelekwa bondeni kupanda mti, kama walivyofanya waliokutangulia. Miti ya wageni wetu watatu utaikuta pale, imepaliwa na kuzungushiwa uzio na wanafunzi wa darasa la sita, na ule wa mwaka 2022 umekwisha kumpita mtu mzima kwa urefu. Wa kwako tumeuchimbia shimo kando ya mivengi ya yule mama, naye ameomba awe mtu wa kukushikia mche.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi kwa niaba ya wanachama wote.