Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mikoko ya Hori ya Mwache

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua: kitalu kiliendelea, taka za plastiki ziliokotwa, wageni walipokewa, na vikao vya kamati vilifanyika kwa mujibu wa katiba.

Jambo lililozua maneno ni uamuzi wa kamati, chini ya uongozi wangu, wa kutopanda miche mwaka huu katika eneo tulilopewa ili kufidia mikoko iliyokatwa kupisha ujenzi. Mkandarasi alitaka hesabu ya miche, na baadhi yenu mliitaka pia, kwa kuwa malipo yalikuwa kwa kila mche. Lakini eneo lile lilifukiwa na udongo wa mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, kisha tuta la ujenzi likaziba mkondo uliokuwa ukiliingizia maji ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Fimbo niliyoichomeka mbele ya kamati ilitoka kavu, na chumvi ilikuwa imetanda juu ya ardhi. Anayetilia shaka akaangalie vijiti vikavu vya upandaji uliopita, ambao, naomba ikumbukwe, haukufanyika katika uongozi wangu.

Kwa hiyo tulichimba kwanza mitaro ya kulizunguka tuta. Maji yalipoanza kuingia na kutoka, mbegu za mchu, aina ya mkoko, zilikuja zenyewe, na sasa miche imeshika kando ya mtaro wa pili bila mtu kulipwa hata shilingi. Wanaosema kwamba nimewanyima watu riziki wafahamu kwamba fidia ya ardhi oevu hupimwa kwa maji, kaa na kamba waliorudi, si kwa miche iliyopigwa picha siku ya kupandwa. Hata Makupa, kule Mombasa, tuta la zamani lilibadilishwa kwa daraja, lililofunguliwa 2022, ili maji yapite.

Nasikitika kwamba kati ya wanachama 58, waliofika kuchimba ni 17, wengi wao akina mama wa kitalu, ilhali siku ya wageni na biriani viti havikutosha. Wanaodaiwa ada ni 41, jumla Sh63,400. Mafuta ya mashua niliyalipia kutoka mfukoni mwangu, na risiti zipo kwa mweka hazina.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupanda mkandaa, aina nyingine ya mkoko, upande wa nchi kavu, kupata mizinga ya nyuki na, hali ikiruhusu, ofisi. Mkandarasi naye ameahidi kuliondoa tuta mvua zikiisha, bila kutaja mvua zipi.

Wenye madeni wayamalize kabla ya uchaguzi, kwani asiyelipa ada hapigi kura, na kifungu hicho sikukitunga mimi.

Mwenyekiti